Nani Atangulie Kwenye Waya? Foleni ya Mtandao wa Hospitali ni Suala la Tiba

Hakuna mgonjwa nchini asiyelijua jibu hili: "Mtandao unasumbua." Hutolewa kwenye dirisha la mapokezi, kwenye dirisha la dawa, maabara, na siku hizi hata wodini. Hutolewa kwa sauti ile ile ambayo zamani ilitumika kueleza kwamba mvua imekata barabara. Yaani ni jambo lililotoka mbinguni, halina mwenyewe, na anayelalamika huonekana kuwa hana subira. Napenda kudai kinyume chake. Mara nyingi mtandao wa hospitali unaposemwa kuwa unasumbua haujakatika. Unafanya kazi, ila umejaa, na katika kujaa huko zipo data zinazopita na zipo zinazongojeshwa. Nani apite na nani angoje ni uamuzi. Ama mtu ameufanya, ama hakuna aliyeufanya na mashine imejiamulia yenyewe. Nashikilia kwamba uamuzi huo ni wa kitabibu, na kwamba sisi watoa huduma tumekosea kuwaachia mafundi peke yao.

Mimi ni mtaalamu wa usingizi, si mhandisi. Kilichonipeleka kwenye kabati la nyaya ni usiku mmoja katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi. Chumba cha upasuaji kilikuwa katika jengo la zamani, pamoja na seva. Upande wa pili wa uwanja lilikuwapo jengo jipya: vyumba vya picha na kliniki chini, wodi ya wazazi juu. Majengo hayo mawili yaliunganishwa kwa kiungo kimoja tu cha megabiti 100 kwa sekunde, na simu za mezani nazo zilipita humo humo, kwa kuwa zilikuwa simu za mtandao. Baada ya saa nane usiku mkunga alipiga simu kututaarifu kwamba analetwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Tulisikia "mama", tukasikia "damu", kisha maneno yakaanza kumeguka kama mtu anayezungumza huku akifunguafungua mlango. Kundi la damu hatukulipata. Kama benki ya damu imeshaarifiwa au la, hatukulipata. Nikamwambia, "Sista, rudia kundi la damu." Akajibu, na hilo tulilisikia, "Daktari, mimi nakusikia vizuri kabisa." Kisha akarudia, nasi tukapata nusu yake.

Mwishowe tulimtuma daktari wa mafunzo akimbie kuvuka uwanja. Mama yule alipona, nami sisemi kwamba simu ingemuua. Lakini dakika zile alizozitumia kijana wetu gizani na viatu vya plastiki zilikuwa dakika za mgonjwa, si za kwetu.

Jambo ambalo sikulielewa usiku ule ndilo lililoeleza kila kitu baadaye: yeye alitusikia, sisi hatukumsikia. Kama simu ingekuwa mbovu, au waya ungekuwa umekatika, pande zote mbili zingeteseka. Njia iliyoziba ilikuwa ya upande mmoja, kutoka jengo jipya kwenda la zamani. Na ndivyo ilivyokuwa. Kila usiku, saa nane, mashine za picha zilituma kazi ya siku nzima kwenye seva ya hifadhi. Mashine mbili, kila moja ikiwa na waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, zilimimina kwenye kiungo cha megabiti 100. Ni sawa na kumwaga ndoo mbili kwa mpigo kwenye mdomo wa chupa.

Hapa inafaa nieleze kidogo kazi ya swichi, kwa sababu wengi wetu tunaiona ukutani ikimetameta taa za kijani bila kujua inaamua nini. Swichi ni kifaa kinachopokea data kutoka kompyuta, simu na mashine mbalimbali na kuzipeleka kunakohusika. Data hizo husafiri zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti zikifika nyingi kuliko njia inavyoweza kubeba, swichi huziweka kwenye foleni katika kumbukumbu yake ndogo. Kumbukumbu ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa. Swichi yetu ilikuwa imewekwa kama ilivyotoka kwenye boksi: foleni moja, aliyetangulia ndiye anayetangulia. Kipande cha picha ya goti la mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, na kipande cha sauti ya mkunga, vilikuwa na haki sawa. Usawa wa namna hiyo unaonekana mzuri mpaka uulize nani anaumia.

Kipande cha picha kikitupwa, kompyuta iliyokituma hugundua na kukituma tena. Picha hufika ikiwa nzima, imechelewa tu. Kipande cha sauti kikitupwa kimepotea, maana hata kikitumwa tena neno lake lilishapita. Katika simu za aina ile, sauti hukatwa kila milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde, na mazungumzo yote hayahitaji zaidi ya kilobiti 100 hivi kwa sekunde. Ni mzigo mwepesi mno. Lakini hauvumilii kungoja: shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni ili mazungumzo yaende vizuri. Picha ni kinyume. Kipande kimoja cha CT skani chenye nukta 512 kwa 512 ni takriban nusu megabaiti, na uchunguzi mmoja wenye vipande 600 hufikia megabaiti 300. Ni mzigo mkubwa, ila mvumilivu.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu ndilo ambalo madaktari tunalikosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kulikosea. Tunachanganya umuhimu na haraka. Kwetu picha ya kichwa cha majeruhi ni muhimu kuliko soga za simu, kwa hiyo tunadhani picha itangulie. Lakini mtandao hauulizi kipi ni muhimu. Unauliza kipi kitaharibika kikingoja, na kwa muda gani. Kwa kiungo chetu kikiwa kitupu, picha za megabaiti 300 huhitaji sekunde 24. Zikipewa chini ya nusu ya kiungo, huhitaji kama dakika moja. Katika dakika hiyo mgonjwa bado anahamishwa kutoka kwenye meza ya mashine kwenda kwenye machela. Sauti ya mkunga haina dakika moja. Haina hata sekunde moja.

Wenzetu wa watoto wataona kwamba hili si jambo geni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga wagonjwa, ule wa ETAT, hugawa watoto wanaofika katika makundi matatu: wa dharura, wa kipaumbele, na wanaoweza kungoja foleni. Muuguzi aliyesimama mlangoni hapangi kwa kuangalia nani amefika mwanzo wala nani ana cheo. Huangalia nani atadhurika kwa kungoja. Swichi inaweza kufundishwa hivyo hivyo. Pakiti huwekewa alama, na alama hiyo ina nafasi kwenye pakiti yenyewe: katika kanuni moja zipo ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, katika nyingine, iliyopitishwa mwaka 1998, zipo thamani 64, na kwa desturi sauti ya simu hupewa 46. Swichi husoma alama, huigawa njia katika foleni kadhaa, na huzihudumia kwa utaratibu ulioelekezwa. Wahandisi huliita jambo hilo ubora wa huduma. Kwangu mimi ni muuguzi wa mlangoni aliyewekwa ndani ya sanduku la chuma.

Sasa nieleze kosa letu, kwa kuwa lina mafunzo kuliko usiku wenyewe. Baada ya tukio lile kiliitwa kikao. Kijana wetu wa TEHAMA aliuliza swali la busara: idara zenu zipangeni, ipi kwanza? Kila mkuu wa idara akataka rangi nyekundu. Idara ya picha ilisema bila picha hakuna upasuaji. Maabara ilisema bila majibu hakuna tiba. Uhasibu, kwa unyenyekevu wa kawaida wa uhasibu, ulikumbusha kwamba bila mapato hakuna hospitali. Mabishano yakaisha kama yanavyoisha vikaoni: mwenye sauti kubwa alishinda. Picha na simu zikawekwa pamoja kwenye foleni ya juu kabisa, ile ambayo swichi huimaliza kwanza kabla ya kugusa nyingine yoyote, na haikuwekewa kikomo. Mimi niliunga mkono. Kijana alisema taratibu kwamba ana wasiwasi. Hatukumuuliza wasiwasi gani.

Siku ya tatu, asubuhi ya kliniki, mashine zote mbili zilikuwa zikituma. Kiungo kilijaa picha. Foleni za chini hazikupata zamu. Madirisha ya kliniki katika jengo lile yalikwama: jina la mgonjwa halifunguki, uhakiki wa kadi ya bima haurudi, namba ya malipo haitoki. Na bila namba ya malipo hakuna stakabadhi, na bila stakabadhi dirisha la dawa halitoi dawa. Mzee mmoja aliyefuata dawa zake za kisukari, aliyekuja na njaa kwa ajili ya kipimo cha asubuhi, aliondoka saa nane mchana. Aliambiwa mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua, ulikuwa ukitii amri yetu. Na simu za wazazi, ambazo ndizo zilizoanzisha yote, zilimeguka upya, kwa sababu tulikuwa tumezifungia foleni moja na mzigo ule ule uliozinyonga mwanzo.

Ndipo nilipokubali kwamba data ndogondogo za dirishani, ambazo tulizidharau kama mambo ya karani, ni tiba. Kumfungulia mgonjwa faili ni kilobaiti chache. Kuthibitisha malipo ni kilobaiti chache. Zikichelewa nusu saa, mgonjwa wa kisukari hali, wa shinikizo la damu husimama juani, na mama mwenye mtoto mwenye homa huamua kurudi nyumbani. Hakuna king'ora kinacholia kwa ajili yao. Kipaumbele kinachopangwa na mabingwa peke yao huona kile tu kinachoonekana kutoka chumba cha upasuaji, nami ni shahidi.

Mpango uliofuata tuliutengeneza watu wanne: yule kijana, muuguzi wa zamu za usiku, karani wa mapokezi na mimi. Simu zilibaki peke yao juu, lakini kwa kikomo cha megabiti 5 kati ya 100. Megabiti 5 hutosha simu 50 kwa wakati mmoja, na jengo lile halina simu 50. Wahandisi wengi hushauri kwamba foleni ya namna hiyo isizidi theluthi moja ya njia. Sisi hatukuihitaji hata kidogo kiasi hicho. Mapokezi, maabara, dawa na malipo vilihakikishiwa megabiti 35. Picha 45. Yote mengine, pamoja na simu za mkononi za wageni, 15. Utumaji wa usiku wa mashine za picha uliwekewa alama ya chini kabisa, ili uchukue kinachobaki tu. Jambo la kupendeza ni kwamba mgao huu si ukuta: kama mapokezi yamefungwa usiku, sehemu yao hutumiwa na picha mpaka asubuhi. Mgao huonekana pale tu njia inapojaa, kama vile kanuni za mlango wa dharura zinavyoonekana siku wanapofika wengi kwa pamoja.

Yapo mambo mawili ambayo kijana yule alitusisitizia, nami nayapitisha kwa wenzangu wa hospitali nyingine. Kwanza, alama zisiaminiwe kutoka kwa kila kifaa. Mtu anaweza kuleta kompyuta yake ikiwa imejiwekea alama ya dharura. Swichi iliyo karibu na kifaa ndiyo inayopaswa kuamua nani aaminiwe, kama vile mgonjwa hajiandikii mwenyewe kadi nyekundu. Pili, alama iheshimiwe njia nzima. Zipo swichi ambazo, ukishawasha utaratibu huu bila kuzieleza vizuri, hufuta alama zote na kuzirudisha sifuri. Swichi moja ya namna hiyo katikati ya njia inatosha kuharibu kazi ya nyingine zote. Ni barua ya rufaa iliyochanwa kwenye kituo cha kati. Na pakiti ikishatoka nje ya lango la hospitali kwenda kwenye intaneti ya umma, usitegemee kwamba alama yako itasomwa. Huko unachoweza kukitawala ni kile unachokitoa, si kile kinachotokea baadaye.

Wapo watakaosema: kwa nini mahangaiko yote haya, nunueni kiungo kikubwa zaidi. Nakubali nusu. Nyuzi za kioo za gigabiti kati ya majengo mawili ya uwanja mmoja hazifiki hata karibu na bei ya mashine ya CT, na hospitali inayonunua mashine hiyo bila kuuliza picha zake zitapita wapi imenunua gari bila kuangalia daraja. Utaratibu wa foleni hauongezi hata biti moja ya uwezo. Hugawa tu uhaba. Lakini njia pana nayo hujaa kwa nyakati fulani, na njia ya kutoka hospitalini kwenda nje karibu siku zote ni nyembamba kuliko ya ndani. Kwenye kiungo cha megabiti 10, megabaiti 1 tu iliyotangulia kwenye foleni humchelewesha aliye nyuma yake milisekunde 800. Daktari wa wilayani anayeshauriana na bingwa kwa video hukutana na hesabu hiyo kila siku.

Wapo pia wahandisi wanaosema kwamba utaratibu uliopangwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na utaratibu. Baada ya asubuhi ile ya kliniki siwezi kuwabishia. Ndiyo sababu naomba upimwe wakati wa mzigo, mchana, watu wakiwa kazini, wala si saa nne usiku njia ikiwa tupu na kila kitu kikionekana kizuri.

Isidhaniwe kwamba swichi iliyopangwa vizuri ni kinga ya kila janga. Mnamo Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ilipoteza mtandao wake kwa siku kadhaa, na wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Mzigo mkubwa wa data za utafiti ulikuwa umeangukia mtandao uliokuwa umerefushwa kupita mipaka ya muundo wake. Hapo kupanga foleni peke yake kusingetosha. Muundo wenyewe ulihitaji kujengwa upya. Naitaja kwa sababu sisi wa hospitali za kufundishia tuna desturi ile ile: utafiti na tiba hupita waya mmoja, na mtafiti anayehamisha faili zake mchana hajui kwamba anapita mbele ya wodi. Kadhalika, vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo vinavyotuma taarifa kwenye skrini ya kati visifanywe sababu ya muuguzi kupunguza mizunguko. King'ora cha kuaminiwa ni kile kinacholia kando ya kitanda hata waya ukichomolewa.

Ninachokidai hakihitaji bajeti kubwa. Kila hospitali iwe na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: data gani hutangulia, gani hufuata, kila moja ina kikomo gani, na nani aliamua. Utiwe saini na mganga mkuu, si na fundi, kwa kuwa mwenye kuwajibika kwa mgonjwa ni yeye. Kila mashine mpya inapoagizwa, ukurasa huo ufunguliwe upya kabla mashine haijafika. Na wewe mgonjwa, ukiambiwa mtandao unasumbua, una haki ya kuuliza kwa heshima: ni hospitali nzima, au ni dirisha hili tu? Kama ni dirisha hili tu, lipo jambo la kurekebisha, na mara nyingi mtu wa kulirekebisha yupo ndani ya jengo. Kama ni hospitali nzima, uliza fomu za karatasi ziko wapi. Zinapaswa kuwapo.

Ukurasa wetu umebandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati la nyaya, jengo jipya, ngazi ya chini. Mwezi ujao jengo lile linapokea mashine ya picha za matiti, ambayo picha zake ni nzito. Nimeomba kikao kifanyike kabla haijafunguliwa kwenye makasha yake, na nimeomba muuguzi wa usiku na karani wa mapokezi waitwe kwa barua, kama wanavyoitwa wakuu wa idara.